Pizza ya Napoli ukiwa Dar: ulizia tanuri, usiulizie Mwitaliano

Swali: Shikamoo fundi. Nilikaa Napoli miaka mitatu nikisoma L'Orientale, chuo ambacho kinafundisha hata Kiswahili chetu. Darasa letu lilikuwa hatua chache kutoka Via dei Tribunali, na mchana tulinunua pizza ya kukunja mara nne tukala huku tunatembea. Sasa niko Dar, huu mwaka wa pili. Nimejaribu migahawa saba inayojiita ya Kiitaliano. Huku inakuja kavu kama biskuti, kule nene kama boflo. Mmoja ananiambia tatizo ni maji, mwingine unga. Je, niendelee kutafuta au yaishe? Desemba nina harusi Malindi, naambiwa huko Waitaliano wamejaa tele. Nitaipata? (Msomaji, Kinondoni)

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na Malindi, maana huko ndiko utakakoumia zaidi usipoambiwa mapema.

Waitaliano Malindi wapo, tena si wa jana. Mradi wa San Marco chini ya Profesa Luigi Broglio uliwaleta wahandisi Ngomeni, kaskazini ya mji, miaka ya 1960, na Aprili 1967 wakarusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa lililosimikwa baharini. Nyuma yao wakaja watu wa mahoteli, watalii, wastaafu. Leo muuza samaki wa Malindi anakupigia bei ya changu kwa Kiitaliano bila kubabaika. Lakini Mwitaliano si lazima awe Mnapoli. Ukisikia kuna Mtanzania anauza urojo London, si utauliza kwanza ni mtu wa wapi? Akiwa wa Bukoba, huenda kwa ndizi na senene hana mpinzani, ila urojo wake utaula kwa heshima tu.

Mimi nimesimama mbele ya matanuri ya Malindi na Watamu miaka kumi na moja kabla ya kuhamia Dar. Katika waajiri wangu watano wa Kiitaliano, mmoja tu alitoka pande hizo unazozililia, mzee wa Torre del Greco, mji ulio chini ya mlima Vesuvio. Wanne waliobaki walikuwa watu wa kaskazini. Walichotaka ni pizza nyembamba inayovunjika "kacha" ukiitia jino, inayosukumwa kwa kifimbo kama chapati, na unga wake una mafuta. Ni pizza halali, Roma nako wanaipenda ya namna hiyo, na wateja walimaliza sahani. Wewe ungeionja ukasema "biskuti" na ungekuwa hujamkosea mtu, kwa kuwa ni mji mwingine. Kwa hiyo bendera ya Italia ukiiona ukutani haikusaidii chochote. Inakwambia nchi, na wewe unatafuta mtaa.

Tutafute basi hicho kinachoufanya mtaa uwe mtaa. Wanapoli wenyewe walianzisha chama mwaka 1984, Associazione Verace Pizza Napoletana, wakaandika masharti ya pizza yao hadi gramu na sentimita. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukaisajili kama chakula cha kimila chenye kanuni zake. Mwaka 2017 UNESCO nayo ikaingia. Hapo soma kwa makini: kilichowekwa kwenye orodha ya urithi ni ufundi wa fundi pizza, ambaye Napoli huitwa "pizzaiuolo", yaani mikono yake, donge lake na tanuri lake. Pizza yenyewe haikuorodheshwa.

Katika masharti yale, linalobeba mengine yote ni moto. Tanuri la Napoli hufika nyuzi 430 hadi 485 za Selsiasi, na pizza hukaa ndani sekunde 60 hadi 90, basi. Kwa muda huo mfupi maji yaliyomo kwenye donge hugeuka mvuke kwa kishindo, ukingo unafura, ngozi ya juu inashika madoa meusi kama ya chui, na ndani kunabaki na unyevu. Ndiyo maana uliweza kuikunja mara nne isivunjike. Chukua donge lile lile ulitie kwenye oveni ya nyuzi 250. Litakaa dakika nane, kumi, kumi na mbili kabla ya kushika rangi, na muda wote huo linapoteza maji. Hiyo ndiyo biskuti yako. Mpishi anayejua kwamba oveni yake haina nguvu hutafuta dawa: anaongeza sukari ili rangi ije mapema, anamimina mafuta ili isikauke, anaacha unga uwe mnene. Hiyo ndiyo boflo. Dada, magonjwa yako mawili ni ugonjwa mmoja.

Watu wa Pwani jambo hili halikuwa geni kwetu. Mkate wa mofa haukuokwa kwa kubembelezwa, ulibandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo lililokwisha kuwaka likaiva, na ukatolewa upesi. Bibi aliyejua mofa ningemfundisha pizza ya Napoli kwa siku mbili. Kijana aliyezoea oveni ya kubonyeza vitufe nimemfundisha miezi sita na bado anafungua mlango kuchungulia.

Maji ya Napoli ni hadithi ya barazani. Maji yakiwa na chokaa nyingi au kidogo, donge huwa gumu au laini kidogo, fundi anayajua na anarekebisha. Unga nao unasingiziwa. Ile "00" ya kwenye mifuko ya Italia wengi hudhani ni kipimo cha nguvu, kumbe ni ulaini wa kusaga na jinsi pumba zilivyoondolewa. Nguvu ya unga inatoka kwenye protini, na unga wa mikate unaosagwa hapa hapa kwa ajili ya viwanda vya mikate unayo ya kutosha. Kontena letu la unga liliwahi kukwama bandarini, nikaoka miezi minne kwa unga wa kiroba cha hapa. Hakuna mteja aliyeuliza. Mwenye hoteli ndiye aliyeuliza, tena kwa sababu bili ilishuka.

Kinachotusumbua sisi watu wa joto ni kuumuka. Masharti ya zamani ya chama yalisema: lita moja ya maji, chumvi gramu 50 hadi 55, unga kilo 1.7 hadi 1.8, na hamira mbichi gramu 3 tu. Hakuna sukari, hakuna mafuta. Hamira kidogo hivyo huhitaji saa nyingi, nane na kuendelea, kwa joto la nyuzi 25 hivi. Sasa nionyeshe jiko la Dar lenye nyuzi 25 mwezi wa Februari. Jiko langu, tanuri likiwaka, linasoma 36. Kila joto likipanda nyuzi kumi hivi, hamira huenda karibu mara mbili ya kasi yake, kwa hiyo fundi anayefuata karatasi ya Napoli neno kwa neno anaishia na donge lililochacha. Dawa ni kupunguza hamira zaidi, kutumia maji ya baridi, na kulaza madonge kwenye friji. Friji nayo inataka umeme.

Nina kisa. Hoteli moja niliyofanya kazi, umeme ulikatika saa nne usiku. Jenereta likawashwa, likaendesha taa za bustani na muziki wa baa. Friji za jiko hazikuwa zimeunganishwa nalo. Asubuhi nilikuta madonge tisini yameungana kuwa ziwa, yananuka togwa iliyopitiliza. Meneja akasema nioke hivyo hivyo, wageni hawajui. Nikaoka. Zilitoka nyeupe pe, kama mgonjwa wa siku saba, na chini zimeungua. Sababu ni kwamba hamira ilikuwa imekula sukari yote ya unga, na bila sukari rangi haiji. Ukiletewa pizza iliyopauka juu huku tako lake ni jeusi, usimlaumu mwenye tanuri peke yake. Donge lilikesha.

Kwa sababu hiyo hiyo mafundi wa Arusha na Nairobi wananipita kwa urahisi fulani. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya bahari, hewa ni nyepesi na donge hufura haraka, lakini usiku wake wa baridi unalilea donge vizuri bila kelele ya kompresa.

Nyanya na jibini nitazipitia mbio mbio, maana ndizo zinazoandikwa sana kwenye menyu na ndizo zinazobadilisha kidogo. Nyanya za San Marzano, zinazolimwa chini ya Vesuvio, ni nzuri, na za mkebe zinapatikana Dar kwa bei ya kukuumiza kichwa. Nyanya zetu za umbo la yai, Roma au Rio Grande au Cal J, zikiivia shambani zinatosha. Kosa la jikoni kwetu ni kuzipika. Napoli nyanya husagwa mbichi, chumvi, basi. Tanuri ndilo linalozipika. Huku tunazikaangia kitunguu na nyanya ya kopo mpaka unapata mchuzi wa tambi juu ya mkate.

Kuhusu jibini, mozzarella ya nyati inatoka kwa nyati wa majini wanaofugwa Campania. Si huyu wa Mikumi, ambaye hakamuliwi na mwenye akili timamu. Lakini pizza uliyoila wewe mtaani, ya bei ya wanafunzi, kwa kawaida ilikuwa na fior di latte, ya maziwa ya ng'ombe. Inayotengenezwa hapa ikiwa mbichi, ikachujwa maji usiku kucha, inaishinda ya nyati iliyosafiri ikiwa imeganda barafu.

Kuna sababu nyingine ambayo sisi mafundi tunaisema jikoni tu, na ni sababu kubwa. Ni wateja. Pizza ya Napoli katikati ni laini, karibu ya majimaji. Mteja wa Dar ameilipia pesa nyingi, anainua kipande, ncha inaning'inia, anaita mhudumu: "Hii mbichi." Inarudi. Ikirudi mara tatu kwa usiku mmoja, meneja anakuja jikoni. Namfahamu fundi hapa mjini, mikono yake ni ya Napoli kabisa, tanuri lake ni la matofali, na ameshaamua kupunguza moto na kuoka dakika nne ili alale usingizi. Ufundi anao, hana wa kumwokea. Inawezekana kabisa kwamba katika ile migahawa yako saba ulikaa mita tano kutoka kwa mtu anayejua, naye akakupa ile anayodhani unaitaka.

Sasa namna ya kutafuta. Sitakutajia majina ya migahawa, na si kwa sababu naogopa mtu. Mafundi wanahama. Nikikutajia leo mgahawa wa Masaki, mwezi ujao fundi ameitwa Kiwengwa na mshahara mara mbili, wewe utakwenda kula kwa jina. Afadhali nikupe maswali.

Piga simu mchana, wakati hawana kazi. Uliza pizza inachukua muda gani tanurini, hata kama mhudumu ataona ajabu. Akisema dakika kumi na tano, mshukuru. Akisema "ngoja nimuulize fundi", subiri kwenye simu, hiyo ni dalili njema. Akirudi na jibu la dakika moja na nusu au mbili, vaa viatu. Uliza na unga umekandwa lini. "Jana" ni jibu zuri, "sasa hivi, kila kitu kwetu ni freshi" ni jibu baya. Kama wanasukuma kwa kifimbo, hiyo ni mila nyingine, maana Napoli hufungua donge kwa vidole, kutoka katikati kwenda nje, ili hewa ikimbilie ukingoni.

Halafu tega mtego wa marinara. Napoli, kama unavyokumbuka, marinara haina hata jibini: nyanya, kitunguu saumu, oregano, mafuta ya zeituni. Huku kwetu, kwa sababu jina linanukia bahari, wengi huileta na kamba, pweza na ngisi. Waulize marinara yao ina nini. Swali hili moja limeniokolea pesa nyingi kuliko maswali mengine yote.

Ukifika, usikae, sogea kwanza karibu na tanuri. Mgahawa wa haki hautakufukuza. Tazama kuba lake kwa ndani. Likiwa jeusi tii kwa masizi, joto halijafika. Tanuri la kuni likipanda vya kutosha, masizi yenyewe yanaungua na kuba linatakata, linakuwa jeupe. Kuni zenyewe zisikupe tabu. Pwani mvinje unawaka vizuri mno, nimeutumia miaka mingi. Ukikuta gesi au umeme usigeuke mlangoni, hata chama cha Napoli kimeshakubali baadhi ya matanuri ya aina hiyo baada ya kuyapima. Muhimu ni joto la sakafu na kuba. Matofali yanataka saa mbili au tatu kushika moto, kwa hiyo mteja wa kwanza wa jioni ndiye anayepata pizza mbaya kuliko wote. Nenda saa mbili usiku, siku kama Jumanne au Jumatano. Jumamosi usiende, pizza zinafuatana kama daladala za Mbagala, sakafu haipati nafasi ya kurudisha joto.

Kisha mwambie mhudumu, kwa upole, maneno haya: "Naomba fundi aioke kama ya Napoli, laini katikati, mimi sitairudisha." Nimeona fundi akitoka jikoni kuja kumtazama mteja aliyesema hivyo.

Agiza margherita au marinara, usiagize ya kuku wa kuchoma na nanasi. Si kwamba nakudharau. Vitu vingi juu ni maji mengi juu, na maji huua ile dakika moja. Ikija, inua ukingo utazame chini. Madoa yaliyotawanyika, meusi na kahawia, ndiyo yenyewe. Rangi moja ya dhahabu kama chapati ya maji, imeokwa taratibu. Na kula hapo hapo. Pizza ya Napoli haipandi bodaboda. Ndani ya boksi inatoa mvuke, inajilowesha, na ikifika Kinondoni utafikiri fundi ni mjinga.

Kama hata hivyo hupati, oveni ya nyumbani nayo ina njia yake, na si ile ya kuoka. Chukua kikaango kizito cha chuma, kiweke kwenye gesi mpaka kitoe moshi. Tandaza donge la gramu 250 humo, likiwa limekwisha kufunguliwa kwa vidole, paka nyanya upesi, tia jibini. Baada ya dakika mbili chini kutakuwa kumeshika madoa. Hapo kipeleke chini ya moto wa juu wa oveni, uliowashwa mapema hadi mwisho, dakika mbili au tatu. Kama una jiko la mkaa, fanya kama wanavyofanya mkate wa kumimina, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ila juu yawe mengi kuliko chini. Hutafika nyuzi 450. Lakini ukingo utafura, na utaweza kuikunja. Mke wangu anasema hii ni bora kuliko ya kazini kwangu, nami sijawahi kumbishia.

Usichanganye hayo na pizza ya Zanzibar, ile ya Forodhani yenye yai na nyama ya kusaga, inayokunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Hiyo ni ndugu wa mkate mayai, jina tu limeazimwa. Nikiwa Unguja naila bila kuomba radhi kwa Mnapoli yeyote.

Turudi Malindi basi. Ukifika, usiulize mgahawa wa Mwitaliano gani ni mzuri, utapewa orodha ndefu. Uliza nani anashika tanuri, na alifundishwa na nani. Usishangae ukiambiwa ni kijana wa Kigiriama ambaye hajawahi kupanda ndege. Wale niliofanya nao kazi chini ya mzee wa Torre del Greco wanafungua donge kwa sekunde kumi, na wanajua mvinje wa masika unavyovuta moto tofauti na wa kiangazi. Baadhi yao bado wako mjini humo, wanahama tanuri hadi tanuri kufuata msimu, na Desemba ndio msimu wenyewe, mafundi wote wanakuwa kazini.

Usiku wa kwanza agiza marinara. Ikija na kamba, kula kamba wako, lipa, usigombane na mtu. Kesho yake harusini kuna pilau.